Sura ya 7: Mgeni wa Siku ya Tatu

Mradi wa programu humpokea mgeni kwa ujenzi kabla ya kumpokea kwa msimbo. Amepakua mafaili, amefungua terminali, amesoma maelekezo yaliyoandikwa na watu waliokwisha kusahau ugeni wao, na sasa anataka kitu kimoja tu: programu isimame kwenye mashine yake, hivyo hivyo ilivyo, kabla hajagusa mstari wowote. Ikisimama, ataanza kudadisi. Atabadilisha neno hapa, rangi pale, na jioni pengine atakuwa na cha kuchangia. Isiposimama ataondoka, na hakuna atakayejua kwamba aliwahi kufika.

Wahenga walituachia kanuni ya mgeni: siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika miradi mingi ya msimbo huria, mgeni anayetumia Windows huifikia siku ya tatu akiwa bado anazunguka ukuta akitafuta mlango, ilhali mwenzake wa Linux alishika jembe tangu asubuhi ya kwanza. Tofauti yao haiko kwenye akili wala kwenye ubora wa mashine. Iko kwenye uamuzi ambao mtu mmoja, pengine miaka ishirini iliyopita, aliufanya haraka haraka ili arudi kwenye kazi aliyoipenda zaidi: programu hii tutaijenga kwa chombo gani?

Kila chombo cha namna hiyo kina kwao. Kimezaliwa ndani ya mfumo endeshi fulani, kikarithi mazoea ya watu wa huko, na popote kinapopelekwa kinabeba mazoea hayo. Anayekichagua ameshachagua nani atakuwa mwenyeji wa mradi na nani ataishi humo kama mgeni, hata kama ukurasa wa kwanza unatangaza kwamba programu inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Programu kufanya kazi kila mahali ni jambo moja. Kuitengeneza kwa raha kila mahali ni jambo jingine kabisa, na hilo halitangazwi popote.

Kwa msomaji asiye wa fani, maelezo mafupi. Programu kubwa huandikwa katika maelfu ya mafaili. Kompaila hugeuza kila faili kuwa lugha ya mashine, kisha linka huviunganisha vipande hivyo pamoja na maktaba zilizoandikwa na watu wengine. Mfumo wa ujenzi ndio unaosimamia shughuli hiyo, ile ambayo vijana wa kazi huiita kubildi: unajua faili gani linategemea lipi, lipi limebadilika tangu jana, maktaba ziko wapi, na amri zipi zitolewe kwa utaratibu upi. Ukiwa mzuri huuoni. Ukiwa mbaya, huoni kitu kingine chochote.

Mwaka 1976, katika maabara za Bell huko New Jersey, Steve Johnson, mwandishi wa chombo kiitwacho Yacc, aliingia kwa Stuart Feldman akiwa amekasirika. Asubuhi yake yote ilikuwa imeishia kusaka kosa katika programu isiyokuwa na kosa. Alikuwa ameshalisahihisha, ila lile faili alilolisahihisha halikukompailiwa upya, kwa hiyo alikuwa akiendesha programu ya zamani na kuishangaa. Feldman alikuwa amepoteza sehemu ya jioni iliyotangulia kwa tatizo lilo hilo. Akaandika Make, chombo kinachotazama saa za mafaili: kama chanzo ni kipya kuliko matokeo, jenga tena; kama sivyo, acha. Wazo hilo halijazeeka mpaka leo, na mwaka 2003 jumuiya ya ACM ilimtunuku Feldman tuzo yake ya mifumo ya programu kwa ajili yake.

Katika siku hizo hizo aliingiza jambo moja ambalo halikupewa tuzo. Kila mstari wa amri ndani ya faili la Make lazima uanze kwa herufi ya Tab. Ukiweka nafasi nane za kawaida, ambazo kwa macho hazina tofauti yoyote, Make inakataa. Feldman ameeleza mwenyewe ilivyokuwa: alikuwa akijifunza kutumia Lex, chombo cha kuchambulia maandishi, mambo yakamchanganya, akachukua njia iliyokuwa rahisi wakati ule. Wiki chache baadaye watumiaji walikuwa wameshafika kama kumi na wawili, wengi wao marafiki zake, naye hakutaka kuwavurugia. Kwa kuwahurumia hao kumi na wawili, vizazi vya waandishi wa programu vimeendelea kulaani herufi isiyoonekana.

Lakini Tab ni adha ya wote, haibagui. Ubaguzi uko kwenye kile kinachoandikwa baada yake. Mistari ya amri hukabidhiwa sheli, yaani kipokea-amri cha mfumo endeshi wa Unix, nayo hudhani kwamba duniani kuna rm ya kufutia, cp ya kunakilia, na sed na grep za kuchambulia maandishi. Kwenye Windows hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuja na mfumo. Microsoft ilikuwa na Make yake, NMAKE, yenye lahaja yake, kwa hiyo faili lililoandikwa kwa ajili ya moja halikueleweka kwa nyingine. Hata mtumiaji wa macOS, ambaye ni ndugu wa damu wa Unix, ana lake: Make inayotolewa na Apple ni GNU Make 3.81, Make ya mradi wa programu huria wa GNU, toleo la mwaka 2006. Matoleo yaliyofuata yalihamia kwenye leseni ya GPL toleo la 3, ambayo Apple imekuwa ikiikwepa. Mtu anaandika faili lake akitumia kipengele cha miaka kumi iliyopita, kila mtu anafurahi, kisha mwenye MacBook anauliza mbona kwake hakifanyi kazi.

Baada ya Make kukawa na tatizo la Unix yenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na Unix moja. Palikuwa na SunOS, HP-UX, AIX, Ultrix, IRIX na nyinginezo, kila moja na maktaba zake na vituko vyake. Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akifanya kazi kwenye programu za GNU, alianza kuandika Autoconf, na kutokana nayo ikakua familia ya vyombo vinavyoitwa Autotools. Njia yake ilikuwa ya busara: usiulize mfumo unaitwaje, ujaribu. Skripti iitwayo configure huandika programu ndogo ya mistari michache, huikompaili, na kutazama kama imekubali. Imekubali? Basi kitu fulani kipo. Imekataa? Hakipo, twende na njia nyingine. Majaribio ya namna hiyo yanaweza kufika mamia.

Nadhani vijana wanaozikebehi Autotools leo hawajui zilivyomheshimu mgeni wa zama zake. Mwandishi wa programu ndiye aliyehitaji kusakinisha Autoconf na kujifunza M4, lugha ya ajabu ya miaka ya 1970. Mpokeaji hakuhitaji chochote zaidi ya sheli, make na kompaila, vitu ambavyo kila Unix ilikuwa navyo. Configure ilitengenezwa kwa mwandishi na kuwekwa tayari ndani ya kifurushi, makumi ya maelfu ya mistari, ili mpokeaji aandike amri tatu tu na kuondoka. Tutarudi kwenye kifurushi hicho, maana kilikuja kuwa na mambo.

Windows haikuwemo kwenye hesabu. Pale Unix, kuzaa mchakato mpya ni kazi nyepesi, na utamaduni wote wa sheli umejengwa juu ya wepesi huo: mstari mmoja wa skripti unaweza kuzaa michakato mitano bila mtu kujali. Windows ilijengwa kwa mtazamo tofauti. Mchakato kwake ni kitu kizito, na programu hutarajiwa kuzaa michakato michache yenye nyuzi nyingi ndani. Cygwin, iliyoanzishwa na kampuni ya Cygnus mwaka 1995 ili kuleta mazingira ya Unix kwenye Windows, inalazimika kuigiza kwa taabu jambo ambalo Linux hulifanya kwa kupumua tu. Matokeo ni kwamba configure inayomaliza kwa sekunde kadhaa kwenye Linux inaweza kuchukua dakika kadhaa kwenye Windows, kwenye mashine ile ile. Ongeza na kizuia virusi, ambacho hukagua kila kimoja cha vile viprogramu vidogo mara tu kinapozaliwa, muda mfupi kabla hakijafutwa.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mtu wa Windows si mvivu asiyetaka kujifunza terminali, kama wenzake wa Linux wanavyopenda kudhani. Kwao kuna Visual Studio. Anabofya faili la mradi mara mbili, msimbo wote unajitandaza, kihariri kinajua kila jina limetoka wapi, anabonyeza F5 na programu inasimama penye mstari aliouweka alama. Kwa miaka mingi Linux haikuwa na kitu cha kulingana na hicho. Lakini mlete mtu wa Linux kwenye mradi uliozaliwa huko: faili la Visual Studio kwake ni rundo la XML lisilo na wa kulisoma. Kuna pia mambo madogo yanayochoma. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, na macOS kwa kawaida haitofautishi pia, kwa hiyo mtu anaweza kuita faili kwa herufi kubwa mahali ambapo jina halisi lina ndogo na asione tatizo miaka miwili, mpaka siku msimbo unapofika kwenye seva ya Linux.

KDE walilipitia hili mbele ya macho ya watu. Hao ni watengenezaji wa moja ya desktopu kubwa za Linux, na mpaka toleo lao la 3 walijenga kwa Autotools, juu yake wakiwa wameweka tabaka zao wenyewe ambazo watu wachache mno walizielewa. Mwaka 2005 Qt 4, msingi wanaoutegemea, ilitoka ikiwa na leseni huria hata kwa Windows. Ghafla ikawezekana kuota KDE ya Windows na ya Mac. Katika mkutano wao wa mwaka huo mjini Málaga, Hispania, wakaamua kuachana na Autotools na kuhamia SCons, mfumo ulioandikwa kwa Python. Uamuzi ulikuwa na mantiki: Python inapendeza, inasomeka, ipo kila mahali. Miezi ikapita. Kazi ikawa inakwama, hasa nje ya Linux, na walioishika walikuwa wachache. Mapema mwaka 2006 Alexander Neundorf akasukuma jaribio la CMake. Bill Hoffman na wenzake wa kampuni ya Kitware wakajibu haraka na kukirekebisha chombo chao kadiri KDE walivyohitaji. Baada ya muda mfupi tu maktaba za msingi zilikuwa zinajengeka. KDE 4.0 ilipotoka Januari 2008, ilijengwa kwa CMake.

Kwa nini hiyo na si ile iliyopendeza? CMake ilikuwa imeanza karibu mwaka 2000 kwa ajili ya ITK, maktaba ya kuchambua picha za kitabibu iliyofadhiliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Watafiti wa mradi huo walitawanyika: huyu yuko Windows, huyu yuko Unix. Hakuna aliyeweza kumwamuru mwenzake ahame. Kwa hiyo CMake haikujaribu kujenga chochote yenyewe. Inasoma maelezo ya mradi, kisha inamwandikia kila mtu kile anachokijua: mtu wa Unix anapata Makefile, mtu wa Windows anapata mradi wa Visual Studio anaoubofya mara mbili, mtu wa Mac anapata wa Xcode. Kila mmoja anafanyia kazi nyumbani kwake.

Lugha ya CMake ni mbaya. Sijapata kukutana na mtu anayeitetea, wakiwemo wanaoitumia kila siku kwa hiari yao. Kila kitu ndani yake ni maandishi, orodha ni maandishi yenye nuktamkato katikati, na kanuni za lini uweke alama za kunukuu zinamshinda hata mzoefu. Bado ikawa ndiyo chaguo la kawaida la miradi ya C++ duniani. Qt wenyewe, waliokuwa na qmake yao na baadaye wakajaribu Qbs, waliishia kuijenga Qt 6 ya mwaka 2020 kwa CMake. Kwa maoni yangu, wanaoshangaa ushindi huo wanapima kisichopimika. Uzuri wa lugha unamfurahisha mtu mmoja au wawili wanaoandika mafaili ya ujenzi. Kutohamishwa kunamfurahisha kila mwingine.

Pamoja na hayo, hata nyumba hiyo inavuja. Visual Studio huchagua kati ya ujenzi wa kutafutia makosa na ujenzi wa kasi wakati wa kujenga. Makefile hupaswa kuambiwa mapema, wakati wa kuandaa. CMake imeshindwa kuficha tofauti hiyo. Mtu wa Linux anayesahau kutaja aina ya ujenzi mara nyingi hupata programu isiyo ya huku wala ya kule, yenye mwendo wa kobe, na huandika malalamiko kwamba mradi ni mzito.

Chrome iligeuza uenyeji huo juu chini. Kivinjari hicho cha Google kilitoka Septemba 2008 kikiwa cha Windows peke yake. Wa Linux ndio waliokuwa wageni. Evan Martin alikuwa kwenye timu ya kukileta Linux, na mradi ulikuwa na mafaili kama 30,000. Ukibadilisha faili moja na kuagiza ujenzi, Make ilichukua sekunde kama 10 kuyapitia yote kabla ya kuanza kukompaili hilo moja. Sekunde 10 si kitu ukizisoma hapa. Zihesabu ukiwa na wazo kichwani, ukitaka kuona kama limekubali, mara 100 kwa siku: wazo linatoka, unatazama simu, unarudi ukiwa mtu mwingine. Martin aliandika Ninja, mfumo usiofanya karibu lolote isipokuwa kujua kilichobadilika na kukijenga upesi, na muda huo ukashuka chini ya sekunde 1. Mafaili yake hayakusudiwi kuandikwa kwa mkono kabisa. Yanaandikwa na vyombo vingine. Mazoea yake ya kwanza yalikuwa ya Linux, na kuifanya iende vizuri kwenye Windows kulidai kazi ya ziada, kwa sababu zile zile za michakato na mafaili. Leo CMake inaweza kuandika Ninja badala ya Makefile, na watu wengi hawarudi tena nyuma baada ya kuijaribu.

Mtu wa Ufini, Jussi Pakkanen, ndiye aliyechukua Ninja na kuiwekea uso wa kibinadamu. Alianza Meson wakati wa Krismasi ya 2012. Lugha yake inasomeka, na ameinyima nguvu makusudi: huwezi hata kuandika funkisheni yako mwenyewe, ili mafaili ya ujenzi yasije yakageuka programu nyingine inayohitaji wataalamu wake. Systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ilihamia huko mwaka 2017, na GNOME, desktopu nyingine ya Linux, nayo ikahamisha miradi yake mingi. Lakini mfano ninaoutaka ni PostgreSQL, kwa sababu pale gharama ya uenyeji inaonekana hadi kwenye majina ya mafolda.

PostgreSQL ni hifadhidata ya Unix kwa kuzaliwa. Ilifika Windows rasmi na toleo la 8.0, Januari 2005, na tangu 8.3 ya mwaka 2008 iliwezekana kuijenga yote kwa kompaila ya Microsoft. Kwa njia gani? Upande wa Unix uliendelea na Autoconf na Make. Upande wa Windows ulipewa skripti za Perl, ndani ya folda yake ya pembeni, ambazo ziliyafungua Makefile ya Unix, zikayasoma kwa kukisia mpangilio wa maandishi, na kutoka humo zikaunda miradi ya Visual Studio. Fikiria maana yake. Mwenyeji wa Unix anaongeza faili, au anaandika Makefile yake kwa mtindo tofauti kidogo, halali kabisa kwa Make. Kwake kila kitu kinajengeka. Skripti ya Perl, isiyoutambua mtindo huo, inaliruka lile faili. Mradi una kundi la mashine za kujitolea zenye majina ya wanyama zinazojenga msimbo usiku na mchana, na mojawapo ya Windows itapiga kelele baada ya muda. Mwenyeji, asiye na Windows, ataanza kurekebisha kwa kubahatisha, akituma badiliko na kungoja mnyama ajibu. Hapo mwenyeji naye anaonja ugeni.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Watu wa PostgreSQL si wazembe; ni miongoni mwa waangalifu kupita wote niwajuao katika fani hii. Ila maumivu yaligawanywa vibaya. Waliokuwa na uwezo wa kubadilisha mfumo walikuwa Unix, ambako palikuwa na raha. Wenye sababu ya kuubadilisha walikuwa Windows, wachache, na walishazoea. Mwaka 2021 Andres Freund, mmoja wa waandishi wakuu wa mradi, alileta pendekezo la Meson, na sehemu ya hoja zake ilikuwa hiyo hiyo ya kuwa na maelezo mamoja yatakayosomwa na pande zote. Meson iliingia katika PostgreSQL 16, Septemba 2023. Mwaka uliofuata, toleo la 17 likazifuta zile skripti za Perl. Autoconf na Make zimebaki kwa wa Unix wanaozitaka.

Jina la Freund wengi walilisikia kwa jambo jingine. Machi 2024 alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL kwenye mashine yake akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alifuata uzi huo mpaka kwenye xz, maktaba ya kubana mafaili, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamewekewa mlango wa siri na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejijengea imani ndani ya mradi kwa miaka kadhaa.

Mlango huo ulipitia kwenye ujenzi. Msimbo uliosomeka hadharani kwenye hazina ya mradi haukuwa na cha kuuwasha. Kilichouwasha kilikuwa faili moja la M4, lenye jina la kawaida, lililobadilishwa kidogo na kuwekwa ndani ya kifurushi cha kutolea toleo tu. Configure ilipokimbia, faili hilo lilichimbua vipande vilivyofichwa ndani ya mafaili ya majaribio, tena pale tu ilipojikuta kwenye Linux ya x86-64 na ikiwa inaandaliwa kifurushi cha Debian au cha RPM. Kifurushi hicho cha kutolea toleo ndicho kile chenye configure tayari, kilichobuniwa kumpunguzia mpokeaji mzigo. Kwa sababu kifurushi hicho siku zote huwa na mafaili yasiyo kwenye hazina, hakuna aliyeshtuka kuona faili la ziada. Na kwa sababu M4 haisomeki kwa raha, hakuna aliyeisoma.

Mashabiki wa CMake wasifurahi mapema. Katika mradi huo huo lilikutwa badiliko ndani ya faili la CMake: nukta moja, imekaa peke yake ndani ya kile kiprogramu kidogo cha kujaribia kama mfumo una Landlock, ulinzi fulani wa Linux. Nukta hiyo ilihakikisha jaribio halikompaili kamwe. Na jaribio lisipokompaili, mfumo wa ujenzi hausemi kuna kosa. Unasema kitu hakipo, unaendelea bila ulinzi. Njia ya MacKenzie ya kujaribu badala ya kuuliza ilikuwa na udhaifu huo tangu mwaka 1991, na warithi wake wote waliurithi pamoja na busara yake. Watu huijadili raha ya mwandishi wa programu kana kwamba ni kiti laini cha ofisini. Pale xz ilikuwa ni swali la nani atayafungua mafaili fulani kwa hiari, na jibu likawa hakuna.

Microsoft, kwa upande wake, tangu mwaka 2016 ilianza kutoa dawa ya aina nyingine: WSL, Linux inayoishi ndani ya Windows. Mradi ukikushinda, unaingia humo na kujenga kama mwenyeji. Inasaidia kweli, na wengi wameokoka kwayo. Lakini kitakachozaliwa humo ni programu ya Linux, si ya Windows, inakula kumbukumbu, na katika toleo lake la pili ukiweka mafaili upande wa Windows na kuyajenga kutoka upande wa Linux, mwendo unakufa. Mradi unaomwambia mtu wa Windows "tumia WSL" umesema waziwazi kwamba yeye si wa nyumbani, na pengine ni afadhali kusema kuliko kunyamaza.

Kwetu Afrika Mashariki ugeni una sura nyingine ambayo waandishi wa vyombo hivi hawaioni kwa kuwa hawaishi nayo. Kompyuta nyingi za wanafunzi, Dar es Salaam kama Nairobi, ni za Windows, si mpya, na intaneti yao ni bando la simu. Kijana anaanza Android. Tangu mwaka 2013 Google imeifanya Gradle kuwa mfumo wa kujengea programu za Android, na Gradle imezaliwa mahali ambapo intaneti ipo kama hewa. Mradi mtupu, usio na mstari wake hata mmoja, ukifunguliwa mara ya kwanza huanza kupakua: Gradle yenyewe, programu-jalizi, maktaba, na maktaba za maktaba. Mamia ya megabaiti yanaondoka kabla skrini haijaonyesha salamu. Kila mradi wa mfano anaoutoa kwenye somo fulani unataja toleo lake la Gradle, kwa hiyo anapakua tena. Akihamia JavaScript kwenye Windows, maktaba moja yenye kipande cha C++ inamdai Python na vyombo vya ujenzi vya Visual Studio, ambavyo ni gigabaiti kadhaa. Hapo tofauti ya mifumo endeshi inapimwa kwa shilingi.

Vipo vya kufanya, na vingi havijulikani kwa wanaovihitaji. Gradle huhifadhi kila ilichopakua kwenye folda moja chini ya folda ya mtumiaji. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2020, hazina ya maktaba iliyomo humo inaweza kunakiliwa kwenye mashine nyingine na ikaendelea kufanya kazi. Gradle ina pia amri ya kujenga bila mtandao, ambayo huikataza kwenda nje na kuilazimisha itumie ilicho nacho. Mwalimu wa darasa la watu thelathini anaweza kujenga mradi mmoja kwenye mashine yake usiku, akakubaliana na darasa juu ya toleo moja la Gradle na orodha moja ya maktaba kwa muhula mzima, akainakili folda hiyo kwenye flashi mbili tatu na kuzizungusha. Wanafunzi wataanza na bando zao zikiwa nzima, na asubuhi ile ile watakuwa wanabishana juu ya rangi ya kitufe.